Kununua, kutunza na kukadiria chapa za sanaa za toleo maalumu ukiwa Mbeya, Iringa au Njombe

Maswali ni yaleyale. Kwa nini karatasi iliyochapwa iuzwe laki tano wakati ziko nyingine 49 zinazofanana nayo? Ile 12/50 chini ya picha maana yake nini? Nikipata namba 1, nimepata ya ghali? Na fundi fremu wa Mwanjelwa nimwambie nini ili asiiharibu? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio wa kazi yenyewe, tangu siku unapoiona chapa hadi siku unapoandika bei yake kwenye daftari.

Jambo moja lishike mapema. Ukinunua chapa ya toleo maalumu unanunua vitu viwili: karatasi na ahadi. Karatasi ni ile iliyoguswa na ubao, sahani au skrini ya msanii. Ahadi ni ile namba, kwamba zitakuwa 50 na hazitaongezwa. Karatasi ikiharibika, thamani yako inashuka. Ahadi ikivunjwa inashuka ya kwako na ya wenzako 49. Karibu kila hatua hapa chini inakagua au kulinda kimoja kati ya hivyo viwili.

Aina za chapa utakazokutana nazo

Tusichanganye mambo. Tingatinga ni mchoro wa rangi uliopakwa moja kwa moja, hauna toleo. Kalenda na bango ni kazi ya kiwandani, hata kama picha ni ya msanii mkubwa. Chapa ya sanaa ni ile ambayo msanii ametengeneza kitu cha kuchapia, au amesimamia utengenezaji wake, akatoa idadi aliyoipanga.

Chapa ya mbao na chapa ya lino: msanii anachonga ubao au kipande cha lino (tandiko laini la sakafu), sehemu iliyobaki juu inapakwa wino na kugandamizwa kwenye karatasi. John Muafangejo wa Namibia (1943–1987) alifanya kazi zake nyingi mashuhuri kwa lino, nyeusi na nyeupe. Iko njia moja inayostahili heshima ya pekee: ubao uleule mmoja unachongwa, unachapwa rangi ya kwanza, unachongwa tena, rangi ya pili, hivyo hivyo hadi mwisho. Fred Mutebi wa Uganda anafahamika kwa kazi za namna hii. Ukifika rangi ya mwisho ubao umekwisha kuliwa, haiwezekani kuchapa nyingine. Hapo ahadi inalindwa na ubao wenyewe.

Chapa ya sahani: mistari inachimbwa kwenye shaba au zinki kwa asidi (echingi) au kwa sindano tupu (drai-pointi), wino unakaa ndani ya mifereji, na mashine yenye rola nzito inaisukuma karatasi iunyonye. Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam, alikofanya kazi George Lilanga, ni sehemu ya historia yetu ya chapa za namna hii.

Litografia huchorwa kwa mafuta juu ya jiwe au bati. Skrini unaijua, ndiyo njia ya wachapaji wa fulana; tofauti ni karatasi, wino na idadi ya tabaka za rangi. Na siku hizi iko chapa ya printa ya wino wa kudumu, inayoitwa jikle. Jikle si utapeli ikiwa muuzaji ameitaja kwa jina lake na toleo lina ukomo. Inakuwa utapeli ikiuzwa kwa jina la echingi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Lenzi ya kukuza mara 10, ile lupu ya wanunuzi wa dhahabu na vito. Waulize wafanyabiashara wa madini wa Chunya au Mbeya mjini.
- Tochi ndogo ya mwanga mweupe.
- Futi kamba ya fundi cherehani. Rula ya chuma inakwaruza.
- Penseli ya 2B. Kalamu ya wino isikae kwenye meza hiyo kabisa.
- Shuka jeupe la pamba lililofuliwa bila manukato, la kutandika mezani.
- Kipima unyevu kidogo cha kuweka ukutani.
- Kalamu ya kupimia asidi, ya kujaribia kadibodi za fremu. Usiitumie kwenye chapa yenyewe, inaacha alama.
- Kadibodi isiyo na asidi, unene wa milimita 1.5 hadi 2. Huku juu ni vigumu kuipata, hivyo ukiagiza Dar es Salaam au Nairobi, agiza ya kutosha kazi nne kwa mkupuo.
- Daftari gumu.

Glavu si lazima. Mikono iliyooshwa kwa sabuni na kukauka vizuri ina usalama zaidi, kwa sababu glavu za pamba zinakunyima hisia ya vidole na kona ya karatasi inakunjika bila wewe kujua.

Hatua

1. Chagua uwanja mdogo. Anza na njia moja ya kuchapa au wasanii watatu, usinunue kila kinachopendeza. Nenda ukaone kazi kwa macho: Nafasi Art Space, Mikocheni, Dar es Salaam, ipo tangu 2008 na ina studio za wasanii. Ukifika Nairobi tafuta chapa za mbao za Peterson Kamwathi uone ubao unavyoweza kubeba taswira kubwa. Ukishaziona chapa 30 kwa karibu, jicho lako litakusaidia kuliko maelezo yoyote ya muuzaji.

2. Uliza kwa maandishi kabla ya kutoa hela. Meseji ya WhatsApp inatosha, mradi jibu libaki kwenye simu na ulihifadhi. Uliza haya: Imechapwa kwa njia gani? Nani alichapa, na mwaka gani? Toleo ni nakala ngapi? Nakala za msanii ni ngapi juu ya hizo? Je, picha hii ina toleo jingine kwa ukubwa au karatasi tofauti? Ubao au sahani iko wapi sasa, imefutwa isiweze kuchapa tena? Karatasi ni ya aina gani? Fremu imewahi kufunguliwa?

Swali la toleo jingine ndilo watu wanalisahau, nalo ndilo linaloumiza. Chapa ya 12/50 inaweza kuwa na ndugu zake: nakala 5 za A/P (za msanii), 2 za P/P (za mchapaji), na toleo la pili la namba za Kirumi, I/X hadi X/X, kwenye karatasi nyingine. Jumla si 50 tena, ni 67. Si kosa kama imetajwa. Hesabu bei yako kwa 67.

3. Itoe kwenye fremu. Chapa iliyofungwa nyuma ya kioo huwezi kuikagua. Muuzaji akikataa kuifungua, mwombe picha za nyuma na za kingo. Akikataa na hizo, acha.

Tandika shuka, laza chapa, zima taa ya juu. Washa tochi uilete kutoka ubavuni, karibu ilale juu ya karatasi. Sasa karatasi inaanza kusema. Kwenye echingi utaona mstari uliozama kuzunguka picha, ukingo wa sahani ulipobonyea, na ukipitisha kidole upande wa nyuma, nje ya picha, utausikia. Kwenye lino na mbao, wino umesukumwa hadi kwenye ukingo wa kila umbo ukafanya kaukingo kembamba, na nyuma mara nyingi kuna mbonyeo. Kwenye skrini wino umekaa juu kama ngozi nyepesi, na pale rangi mbili zinapopandana utaona ngazi. Jikle haina mwinuko wowote, bapa kabisa.

Kisha chukua lenzi. Ukiona vidoto vidogo vya samawati, waridi, njano na nyeusi vimejipanga kama maua, hiyo ni ofseti, kazi ya kiwanda cha kuchapa magazeti na mabango. Ukiona ukungu wa vidoto visivyo na mpangilio, ni printa ya wino. Angalizo: msanii wa skrini anaweza kutumia vidoto kwa makusudi. Vyake ni vikubwa, na kila kidoto ni rangi moja iliyojaa.

4. Soma penseli. Kwa desturi namba iko kushoto chini ya picha, jina la kazi katikati, saini kulia. Penseli inapendwa kwa sababu haifanyiki kwa mashine na ni rahisi kuitambua. Weka lenzi juu ya saini na tochi ubavuni: risasi ya penseli inang'aa kama fedha, imeshika vilele vya nyuzi za karatasi na kuruka mabonde, na pale mkono ulipobonyeza zaidi kuna mfereji mdogo. Saini iliyochapwa ina weusi sawia bila mng'ao, au inavunjika kuwa vidoto.

Namba ya juu ni ya nakala, ya chini ni idadi ya toleo. Namba 1 haimaanishi ilichapwa ya kwanza, kwani karatasi hukaushwa kwa mrundo na kuandikwa baadaye. Usilipe zaidi kwa ajili ya namba 1. Drai-pointi ina mazingatio yake: kingo laini za mistari zinalika haraka chini ya rola, na nakala za mwanzo zina weusi wa mahameli ambao za mwisho hazina. Hata hapo, amini jicho kuliko namba. Linganisha nakala mbili kama zipo.

A/P au E.A. ni nakala ya msanii, na desturi ni zisizidi kama asilimia 10 ya toleo. P/P ni ya mchapaji. B.A.T. ni ile iliyokubaliwa kuwa kielelezo cha nyingine zote, na kwa kawaida ni moja tu. H/C ni ya maonyesho, isiyopangwa kuuzwa. Karakana nyingine huweka muhuri wa kubonyeza usio na wino kwenye kona, kama ule wa kwenye vyeti. Utafute kwa tochi, maana kwa mwanga wa juu hauonekani.

Saini peke yake haitoshi. Salvador Dalí alisaini karatasi tupu maelfu kwa maelfu, watu wakazichapia walichotaka, na hadi leo chapa zake za miaka ya mwisho zinanunuliwa kwa hofu. Kwa jina kubwa kama Lilanga, aliyefariki 2005, dai historia ya umiliki: nani alinunua, wapi, lini, na risiti. Hati ya uhalisi iliyochapwa na muuzaji mwenyewe, bila saini ya msanii, karakana au familia, ni karatasi tu.

5. Kagua hali, andika kila kasoro. Pima picha, kisha pima karatasi nzima, na ulinganishe na vipimo alivyokutajia muuzaji. Karatasi ikiwa fupi kwa sentimeta 3 upande mmoja, kuna mtu alikata kingo ili iingie kwenye fremu ya dukani. Hilo halirekebishiki. Geuza nyuma: tafuta selotepu, gundi, madoa ya kahawia, mstari wa maji, matundu ya wadudu. Iinue mbele ya dirisha uone kama ina michaniko iliyozibwa. Karatasi nzuri za pamba mara nyingi zina alama ya maji ya kiwanda (nembo iliyo ndani ya karatasi, inayoonekana mbele ya mwanga), kwa mfano Hahnemühle, Fabriano au Arches, na ukiiona iandike. Kama kazi imechapwa kwenye karatasi ya mkono ya hapa kwetu, mfano ile ya kinyesi cha tembo inayotengenezwa na Neema Crafts, Iringa, muulize msanii kama ilipimwa asidi. Uzuri wake upo kwenye nyuzi na mwonekano, ila unahitaji kujua utaihifadhije.

6. Tafuta bei linganishi. Bei inayoombwa si bei iliyolipwa, na mkusanyaji anayechanganya hizo mbili ataumia kila mara. Unatafuta mauzo yaliyokamilika: kwanza picha ileile ya toleo lilelile, ikikosekana, msanii yuleyule, njia ileile, ukubwa wa karibu, mwaka wa karibu. Matokeo ya minada yanachapishwa, na galari nzuri itakwambia ikiuliziwa kwa adabu. Kwenye mnada angalia kama bei imejumuisha ada ya mnunuzi: nyundo ikigonga kwenye shilingi 500,000 na ada ni asilimia 20, aliyenunua ametoa 600,000. Usilinganishe 500,000 hiyo na bei ya galari.

Jua pia kwamba galari nyingi hupandisha bei kadiri toleo linavyoisha. Nakala ya 5 kuuzwa inaweza kuwa rahisi kuliko ya 45, na hapo namba iliyoandikwa haihusiki, kinachohusika ni zimebaki ngapi.

7. Piga hesabu. Huu ni mfano wa kufundishia tu. Una chapa ya lino ya sentimeta 40 kwa 50, toleo la 30, na umepata mauzo matatu ya msanii huyo:

- Picha ileile, hali safi, mwaka jana: 600,000.
- Picha nyingine, ukubwa uleule, toleo la 75: 450,000.
- Picha kubwa, sentimeta 60 kwa 80, toleo la 20: 900,000.

Usichukue wastani. Ya kwanza ndiyo dira, mbili zinazofuata ni za kukagua kama dira imekaa sawa: toleo kubwa liko chini, toleo dogo na picha kubwa viko juu, basi 600,000 inaaminika. Ya kwako ina mstari wa kahawia wa kadibodi mbaya pembeni ya picha. Punguza, tuseme asilimia 20: inabaki 480,000. Hiyo ndiyo bei ya mnunuzi na muuzaji wasio na haraka. Kwa bima andika bei ya kuinunua nyingine kwenye galari, ambayo inaweza kuwa 750,000. Ukiiuza kupitia galari inayochukua asilimia 40, mkononi utapata 288,000. Chapa moja, bei tatu, zote sahihi kwa kazi yake. Kila unapoandika bei, andika ni ya nini.

Asilimia ya kupunguza haina sheria. Mkunjo mdogo wa kona, mbali na picha, hauna uzito. Picha iliyofifia, kingo zilizokatwa, au chapa iliyogandishwa kwenye hadibodi inaweza kupoteza zaidi ya nusu.

8. Lipa, chukua nyaraka siku hiyohiyo. Risiti iwe na jina la msanii, jina la kazi, mwaka, njia ya kuchapa, namba ya nakala na idadi ya toleo, vipimo na bei. Neno "picha moja" kwenye risiti halikusaidii chochote baadaye. Kumbuka pia kwamba kununua chapa si kununua hakimiliki. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, haki ya kunakili inabaki kwa msanii mpaka aihamishe kwa maandishi, kwa hiyo usiitoe kwenye kalenda ya kampuni yako.

Ukiagiza nje, mwambie wakala wa forodha akague kifungu cha 97.02 cha orodha ya ushuru wa forodha, kinachohusu chapa halisi za sanaa. Kinadai kazi iliyotokana na sahani zilizofanywa kwa mkono wa msanii na kinazitoa zilizofanywa kwa mashine au kwa kupiga picha, kwa hiyo jikle haitapita humo. Maelezo ya muuzaji kwenye ankara ndiyo yatakayoamua, basi mwombe aandike njia ya kuchapa wazi.

9. Safirisha. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilometa 800, na buti la basi lina joto, vumbi na magunia. Chapa hadi sentimeta 50 kwa 70 isafiri bapa: iwekwe ndani ya karatasi isiyo na asidi, kisha mfuko wa plastiki uliofungwa, kisha katikati ya vipande viwili vya plaiwudi nyembamba vilivyozidi sentimeta 5 kila upande. Kubwa zaidi ikunjwe kwa mviringo kwenye bomba lenye kipenyo cha sentimeta 10 au zaidi, isikae humo zaidi ya siku chache. Wino mzito wa skrini usiviringishwe kabisa, unapasuka. Ikiwezekana mtu aibebe mkononi. Ikifika usiifungue papo hapo kama ni Juni au Julai. Iache ndani ya kifurushi saa 24 izoee baridi ya chumba polepole.

10. Simamia fremu mwenyewe. Hapa ndipo chapa nyingi zinapokufa, na si kwa ubaya wa mafundi. Fundi fremu amezoea picha za harusi na vyeti, ambapo kugandisha na kukata ni ufundi mzuri. Mweleze kabla, simama naye, na kazi ya kuishika karatasi uifanye wewe.

Chapa ishikwe kwa pembe za karatasi bila gundi kuigusa. Kata vipande vinne vya karatasi isiyo na asidi, sentimeta 3 kwa 8. Kunja kila kimoja pande mbili kuelekea katikati upate pembe tatu yenye mfuko. Ingiza kona za chapa kwenye mifuko hiyo, laza juu ya kadibodi ya nyuma, kisha bandika pembe hizo kwenye kadibodi kwa tepu ya karatasi isiyo na asidi. Acha milimita 2 za nafasi kila upande, kwa sababu karatasi inapanuka masika na kusinyaa kiangazi.

Juu yake iwekwe kadibodi ya dirisha, milimita 2 au zaidi, ili kioo kisiguse wino. Dirisha liache sentimeta 1 kuzunguka picha, saini na namba zionekane. Nyuma kabisa mafundi hupenda hadibodi au karatasi ya khaki. Khaki ya kawaida, kama inayotokana na misonobari ya kwetu Mufindi, ni imara kwa mifuko na maboksi, ila ina asidi inayochoma pamba polepole. Ikae nje ya kadibodi yako safi, isiguse chapa. Kioo cha kuzuia miale ya jua ukikipata lipia. Ukikikosa, kioo cha kawaida kinafaa mahali pasipo na jua.

11. Chagua ukuta. Miale inayofifisha rangi huongezeka kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na Mbeya mjini iko mita 1,700 hivi. Jua letu halina joto la Dar, kwa hiyo watu wanalidharau, lakini linaunguza rangi zaidi. Usitundike mbele ya dirisha, wala ukuta wa nje usiopigwa jua asubuhi: ukuta huo unakuwa baridi na unyevu unatua nyuma ya fremu. Bandika vipande vya kizibo vya milimita 5 hadi 10 kwenye kona za nyuma ili hewa ipite. Jiko la mkaa la kuota moto, kwa wa Njombe na Makete, lisiwashwe chumba kimoja na chapa.

Unyevu unaofaa ni asilimia 40 hadi 55. Tukuyu wakati wa mvua kipimo kitapita hapo kwa miezi. Zilizobaki bila fremu zilaze bapa kwenye droo au boksi, kila moja na karatasi safi juu yake, angalau sentimeta 50 kutoka sakafuni kwa sababu ya mchwa, na uwekee pakiti za silika za kunyonya unyevu. Zibadilishe au zikaushe kila mwezi kuanzia Novemba hadi Mei.

12. Andika daftari. Ukurasa mmoja kwa kila chapa: picha ya mbele, ya nyuma, ya saini, majibu ya hatua ya 2, kasoro za hatua ya 5, bei uliyolipa pamoja na usafiri na fremu, bei linganishi na tarehe yake. Kadiria upya kila baada ya miaka miwili au mitatu, si kila mwezi.

Makosa yanayorudiwa

Kulaminetisha. Watu wanalaminetisha cheti cha kuzaliwa na kudhani chapa nayo italindwa. Plastiki ya moto inaingia kwenye nyuzi na haitoki. Chapa iliyolaminetishwa haina soko.

Kuandika maneno ya zawadi kwa kalamu ya wino mbele ya chapa. Andika kwenye kadi ya pembeni.

Kununua toleo la 500 kwa kuamini kwamba namba yoyote iliyoandikwa inaleta uhaba. Na kinyume chake: toleo la 5 la msanii asiyejulikana halina thamani kwa uchache wake pekee, uhaba unahitaji watu wanaotaka.

Ikitokea shida

Karatasi imefanya mawimbi. Kama ni mawimbi laini, ndivyo pamba inavyopumua, iache. Kama yameanzia sehemu mbili za juu, imebanwa kwa tepu. Fungua, weka pembe za karatasi kama hatua ya 10.

Imenata kwenye kioo. Usivute. Iache na kioo chake, ilaze uso juu, tafuta mtaalamu wa uhifadhi wa karatasi. Ukivuta, wino unabaki kwenye kioo.

Ukungu mpya, wenye manyoya. Itenge na nyingine, iweke chumba kikavu chenye hewa hadi ukungu ukauke, kisha nje ya nyumba, ukiwa na barakoa, upanguse kwa brashi laini kabisa. Usipanguse ukungu mbichi, utaupaka. Madoa ya kahawia ya zamani yaache, na jiki isikaribie karatasi.

Vidudu vyembamba vya rangi ya fedha vinakimbia ukifungua fremu. Vinakula gundi na karatasi penye unyevu. Safisha fremu nzima, badilisha kadibodi, shusha unyevu. Usipulizie dawa ya wadudu juu ya chapa.

Rangi imefifia. Hakuna tiba, shusha bei kwenye daftari na uihamishe nyingine kabla haijafuata.

Umekutana na chapa nyingine yenye namba yako, 12/50 na 12/50. Usitangaze kwanza. Piga picha za zote mbili, saini na nyuma, pima karatasi kwa milimita, kisha mwandikie msanii au karakana ukiambatisha risiti yako. Mara nyingine ni kuteleza kwa mkono wakati wa kuandika namba, na msanii atakupa barua ya kuthibitisha iliyosainiwa. Ibandike kwenye ukurasa wa chapa hiyo. Akikaa kimya, au akikiri kwamba alichapa zaidi ya 50, simamisha ununuzi wa kazi zake na ukadirie upya zote ulizonazo kwa idadi halisi ya nakala zilizopo.